Visu Vingi, Kitunguu Kimoja

Wapo wanaume ambao wakivuka umri fulani huoa mke wa pili. Wengine hununua pikipiki. Wangu alianza kukusanya visu vya kukunja, na watu wakaniambia nimshukuru Mungu. Walioniambia hawalali chumba kimoja na visu hivyo.

Vinakaa ndani ya mkebe wa biskuti, ule wa bati wa mviringo, ambao katika nyumba yoyote yenye cherehani ni mali halali ya nyuzi na vifungo. Nyuzi zangu zimehamishiwa kwenye kopo la maziwa. Kila asubuhi, chai ikishanywewa, mwenye nyumba hufungua mkebe na kuchagua cha kutoka nacho. Hukikunjua, hukikunja, husikiliza mlio wake, kisha hukitumbukiza mfuko wa kulia. Ijumaa hutoka na kidogo kuliko vyote, maana mfuko wa kanzu unaning'inia na kisu kizito humgonga goti akirukuu. Mimi ndiye ninayeshona hapa nyumbani, kwa hiyo ushahidi ninao: mifuko yote ya kulia ya suruali zake ina viraka, ya kushoto ni mizima.

Ukimuuliza kisu cha nini kwa mtu wa mjini, tena Ngamiani, Tanga, ambako kila duka lina mkasi, atakutajia babu yake. Babu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na hakuwahi kuonekana bila kisu mfukoni: cha kukatia kamba, cha kumenyea muhogo, cha kuchongea mswaki. Hoja hiyo haina jibu, kwa kuwa babu keshatangulia. Lakini mimi nimeishi na mtu huyu na ninajua anachokitafuta. Anangoja mtu aulize, "Nani ana kisu?" Basi. Kwenye maulidi, kwenye harusi, msibani, gunia la mchele likiwa limeshonwa barabara au kamba ya turubai imekaza, utamwona anasogea taratibu, mkono u mfukoni, amejifanya hana habari. Akiulizwa, siku yake imekamilika. Asipoulizwa, hurudi amenuna na chakula hakigusi.

Sasa nieleze jambo ambalo wageni hawaliamini. Katika nyumba hii yenye visu vya Ufaransa, Uswisi na Ujerumani, kitunguu hakikatiki. Kisu cha jikoni ni cha mpini wa plastiki wa kijani, na makali yake yalikwisha zamani. Nyanya hakiikati, kinaiminya mpaka ijipasue yenyewe. Huwa nakinoa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa uani, na nikianza tu kukwaruza, mwenye visu hutoka mbio chumbani na mhadhara wake. Makali hunolewa kwa jiwe la kunolea, ubapa umelazwa nyuzi 20 hivi, upande huu kisha upande ule, polepole, mpaka kisu kinyoe nywele za mkono. Na kweli, mkono wake wa kushoto hauna nywele.

"Basi ninolee," namwambia.

"Kile si kisu, mama watoto. Ni bati."

"Nipe basi kimojawapo cha humo mkebeni."

Hapo ndipo sababu zinapoanza. Hiki ni cha chuma cha kaboni, kitunguu kitakibadili rangi. Kile hakipatani na chumvi, samaki atakiletea kutu. Kile kingine kina mpini wa pembe, maji yatautia ufa. Nikamuuliza: kisu kisichotaka kitunguu, samaki wala maji, hapa Tanga kitakula nini? Akasema mimi sielewi. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Nadhani walikuwa wanachungulia jiko langu.

Kipenzi chake ni Opinel, namba 8. Alikipata kwa muuza mitumba, ndani ya mfuko wa koti zito la baridi. Watu wa mitumba hupekua mifuko kabla ya kutundika makoti, na kwa kuwa wanamjua, wakipata kitu chenye makali humwekea. Kwa maelezo yake, hiki kina vipande vichache tu: mpini wa mbao, ubapa, msumari wa kuviunganisha na pete ya chuma. Joseph Opinel alikibuni mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Ufaransa. Mwaka 1897 vikapangwa kwa saizi, namba 1 hadi 12. Na pete inayozungushwa ili ubapa usimrudie mtu vidoleni iliongezwa mwaka 1955. Haya yote nimeyajua bila kuuliza.

Ambacho watu wa Savoie hawakukipigia hesabu ni masika ya Tanga. Mbao hunywa unyevu. Kaskazi ikivuma, kisu hufunguka bila tabu. Masika ikiingia, mpini huvimba na kuubana ubapa usitoke. Dawa yake huko kwao, anasema, ni kugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu mpaka ubapa uchomoze, kisha unauvuta. Kwa hiyo Aprili na Mei nyumba yetu ni ya kubisha hodi tu: ko, ko, ko kwenye meza; ko, ko, ko kwenye fremu ya mlango. Kitinda mimba wetu alishazoea kuitikia "Karibu!" bila kuinua kichwa.

Baada ya hicho kikaja cha Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na panga tangu zama za kati. Mpini wake ni wa pembe. Aliyemuuzia alimwapia kwamba kiliangushwa hapa hapa Tanga Novemba 1914, siku zile Waingereza walipoleta majeshi kutoka India kuuteka mji, wakarudishwa baharini na askari wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, wakisaidiwa na nyuki waliotibuliwa kwa risasi. Habari ya nyuki ni ya kweli. Mume wangu akalipa bei ya vita. Jioni akakilaza mezani juu ya kitambaa, akatuita sote, akatusimulia kishindo cha mizinga mpaka watoto wakaacha kutafuna. Kifungua mimba wetu, wakati huo yuko kidato cha pili, akakiinua, akakigeuza kwenye taa, akasoma maandishi madogo kwenye shina la ubapa: "W. Germany."

"Baba," akauliza kwa adabu kabisa, "Ujerumani Magharibi si ilianza 1949?"

Hakujibiwa. Kisu hicho bado tunakiita cha vita, kwa sababu ya maneno yaliyofuata usiku ule baina yangu na baba yake kuhusu bei.

Okapi aliletewa na binamu yake baharia kutoka Durban. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, lakini kisu kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wake umepambwa kwa mwezi mwandamo na nyota, na kwa hilo peke yake nilikipenda. Tabu ni mlio. Ukikikunjua, meno yake hulia kra-kra-kra, na ili kikunjike sharti uvute pete iliyo mgongoni. Usiku mmoja umeme umekatika, yeye yuko uani gizani anakata kamba ya kuanikia nguo, vijana wa ulinzi shirikishi wakapita nje ya ukuta. Mlio ule, kwa mtu aliyewahi kukaa Afrika Kusini au kusikiliza habari za wahuni wa Jamaika, hauna maana nzuri. Wakataka kujua ni nani na anafungua nini. Asubuhi mdogo wake, anayependa kutaja sheria, akamkumbusha kwamba Kanuni ya Adhabu inakataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Mume wangu akasema alikuwa ndani ya msuli, uani kwake, na aliyetiwa hofu ni yeye. Tangu siku hiyo Okapi hakitoki mkebeni.

Balaa kubwa zaidi lililetwa na mapenzi. Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kutuona, akataka uzi wa kupindia kanga, akafungua mkebe wa biskuti. Nani angemlaumu? Kwanza alichomoa kile chekundu cha Uswisi, akafungua kila kilichofungukika, mpaka akafika kwenye kidude kilichojiviringisha.

"Mwanangu, na hiki cha nini?"

Mwanawe anajua vizuri sana. Mwaka 1897, Karl Elsener alipokiandikisha kisu chake cha maafisa, alikizidishia kile cha askari wa kawaida mambo mawili: ubapa wa pili mdogo, na kizibuo cha chupa za mvinyo. Mwanawe akameza mate.

"Cha kufungulia mafundo, mama."

Si uongo, kwa fundo lililokaza hakuna kidole kinachokishinda. Mama akasema mashaallah, akakiweka, akashika Opinel.

Ubapa wake ulikuwa mweusi wenye ubuluu kwa misimu mingi ya machungwa na maembe. Weusi ule mwanawe ameulea. Tindikali ya matunda ikikutana na chuma cha kaboni huacha utando mwembamba unaosaidia kuzuia kutu nyekundu, na wapenda visu huona huo ndio uzuri wenyewe. Mama aliona uchafu. Alinitazama mimi, si mwanawe. Kesho yake tuliporudi sokoni tulimkuta uani amekalia mbuzi ya kukunia nazi, mbele yake majivu, mchanga na kumbi la nazi, na visu vya Ulaya nzima vikimeremeta. Alivyokwisha kuvisugua alikuwa ameviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni tangu asubuhi, vitoe nongo.

"Mwanangu," akasema, "mkeo ana kazi nyingi, nimemsaidia."

Nilimtazama mume wangu. Nimewahi kumwona akiwa amefiwa. Hata siku hiyo sura yake haikuwa hivi. Kinywa kilifunguka, kikafunga. Mtu aliyenitolea mhadhara wa nyuzi 20 kwa ajili ya kisu cha plastiki alikunja mikono mbele ya mama yake, akasema, "Ahsante mama. Mungu akuweke."

Usiku alivikausha kimoja kimoja. Ukikilowesha kisu cha kukunja sharti ukitie mafuta penye maungio, na mafuta yangu ya cherehani alikuwa ameshayamaliza zamani kwa matumizi hayo hayo. Akachukua mafuta ya nazi aliyokuja nayo mama, akayamimina bila ubahili. Vikawa laini kuliko siku vilipotoka kiwandani. Akatangaza kwamba wazungu wanahangaika bure na mafuta ya madukani. Wiki hiyo hiyo tulikuwa na safari ya Lushoto.

Ilikuwa safari ya posa. Mdogo wake, yule yule wa sheria, alikuwa ameona mchumba huko mlimani, na ilikuwa Julai. Tulikodi Noah. Muheza tukanunua gunia la machungwa la kupeleka ukweni na mengine ya njiani, na hapo mume wangu akawa mfalme wa gari. Anavyomenya chungwa ni kazi ya kutazama, lazima niseme haki. Kisu kinatulia, chungwa ndilo linalozunguka. Ganda linatoka mkanda mmoja mwembamba usiokatika, linashuka mpaka magotini, na chungwa linabaki na ngozi yake nyeupe bila jeraha. Kisha anakata kifuniko juu, anaacha kimeshikia kidogo pembeni, anampa mama yake kwanza. Kisu kilifunguka chenyewe. Segera tukapita, Korogwe tukapita, Mombo tukakata kona kuingia mlimani.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai jua likizama, sisi watu wa pwani huvaa kila tulichobeba, kisha hujitanda na kanga juu. Wenyeji wetu walitupokea kwa heshima zote: wanaume mkekani kuzunguka jiko la mkaa, wanawake upande wa mlango wa ndani, chai ya tangawizi. Mshenga akazunguka na maneno yake ya ua tuliloliona bustanini. Gunia la machungwa likaletwa katikati, mdomo umeshonwa kwa kamba ya nailoni, na mzee wa nyumba akatamka maneno ambayo mume wangu ameyangoja maisha yake yote.

"Nani ana kisu?"

Aliinuka. Alikitoa Opinel taratibu, wote wakione. Hakikufunguka. Mpini ulikuwa haujamaliza kunywea tangu beseni la mama, na maungio yalikuwa yameshikana. Akatabasamu. Akakigeuza, akagonga kitako kwenye mguu wa kiti cha mzee: ko, ko, ko.

Kitinda mimba, nusu usingizini mapajani mwangu, akaitikia kwa sauti, "Karibu!"

Akakiweka chini, akatoa cha Uswisi. Ukucha uliteleza, vidole vimekufa ganzi. Akatoa cha vita. Hata mimi sikujua kwamba amekuja na vitatu, na mshenga, aliyekaa ubavuni pake, alijisogeza kidogo. Visu vitatu vimelala mkekani, hakuna kinachofunguka, na gunia limesimama pale pale.

Bibi wa nyumba akatokea jikoni na chake. Ubapa umelika kwa kunolewa mpaka umebaki mwembamba, mpini umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Fyu! Machungwa yakabingirika.

Mzee alikuwa ameshaokota Opinel. Akakinusa.

"Mafuta ya nazi," akasema. "Mwanangu, haya huku kwetu hulala mapema."

Joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi mafuta ya nazi huganda, na watu wa mlimani wanalijua hilo: chupa huwekwa kando ya jiko kwanza ndipo mtu apake. Akakishika kisu juu ya makaa, akakigeuza huku na huku mpaka mafuta yakachuruzika, akazungusha pete, akauvuta ubapa. Ulitoka. Akajaribu makali kwenye ukucha wa gumba.

"Hiki kinajua kazi."

Sifa hiyo ilimlevya mume wangu. "Chukua, mzee wangu. Zawadi yako."

Mama mkwe alikohoa. Kisu, kwenye posa! Tumekuja kuunganisha koo mbili, mtu anatoa kitu cha kukatia! Mshenga akatazama dari. Ndipo mtaalamu wetu akakumbuka: Ulaya nako wapo wanaoamini kwamba kisu cha zawadi hukata urafiki, na kinga yake ni mpokeaji kutoa sarafu, hata ndogo vipi, ili kihesabike kimenunuliwa. Akaeleza, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa sarafu ya shilingi 500, akaikabidhi mbele ya mashahidi.

"Nimekinunua kwa 200," akasema. "Nirudishie chenji."

Hapakuwa na mwenye chenji. Mshenga akapendekeza iingizwe kwenye hesabu ya mahari, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie, pande zote mbili zikacheka kicheko kimoja. Posa ilipokewa. Katika daftari la mshenga, chini ya mkaja wa mama na kilemba cha baba, kuna mstari unaosema: deni la upande wa bwana harusi, shilingi 300.

Asubuhi nilimfuata bibi jikoni, si kwa ajili ya mahari. Nilitaka kujua kisu chake kimetoka wapi. Akaniambia ni cha mhunzi, kimefuliwa kwa kipande cha springi ya gari bovu, akanipeleka mwenyewe sokoni na kunisaidia kupunguza bei. Nikarudi Tanga na kisu cha shilingi 5,000 ndani ya mkoba, kati ya mapeasi na karoti.

Siku za kwanza mume wangu alikitazama kwa mbali. Kisha nikamkuta anakipima mkononi. Kisha, bila kuombwa na mtu, akakaa nacho uani na jiwe lake la kunolea tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Akaniita anionyeshe: springi ya gari, mama watoto, ni chuma cha kaboni hasa; tazama alama za nyundo; kazi ya mkono; kisu cha asili ndicho hiki. Kikakata karatasi. Kikanyoa alichobakiza mkononi. Nilipounyoosha mkono nikichukue nikakate kitunguu cha usiku, akakirudisha nyuma.

"Utakitia mapengo," akasema. "Ngoja nikate mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Hataki mwingine akiguse, kwa hiyo vitunguu anakata yeye, nyanya anakata yeye, samaki anapara yeye, na weusi unaotanda kwenye ubapa anauonyesha wageni. Majirani wananong'ona kwamba mwanamume haingii jikoni hivi hivi, lazima nimempa limbwata. Sikanushi. Limbwata lenyewe linauzwa sokoni Lushoto, lina mpini wa mti, na ukikomaa kwenye bei utapunguziwa.